Kukata Sauti ya Mtu Bila Kuiua: Maswali na Majibu Kuhusu Lupu za Uimbaji

Kirotshe iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Minova. Sauti za kurekodi hazina uhaba huko: kuna kwaya za Jumapili, nyimbo za arusi na za msiba, na wavuvi wa samaki aina ya sambaza ambao usiku huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuimba huku wakipiga makasia. Simu inatosha kuzinasa. Maswali huanza pale mpiga kinanda anapotaka kuiingiza sauti hiyo ndani ya mashine na kuifanya ijirudie.

Lupu ya sauti ni kitu gani hasa, na ni ya lini?

Ni kipande cha sauti chenye mwanzo na mwisho vilivyowekwa alama, kinachopigwa tena na tena bila kusita. Pierre Schaeffer alikifanya Paris mwaka 1948 kwa sahani za santuri ambazo mfuo wake ulijifunga, sindano ikazunguka palepale. Mwaka 1965 Mmarekani Steve Reich alichukua maneno machache ya mhubiri wa mtaani San Francisco, akayaweka kwenye tepu mbili zilizoanza pamoja kisha zikaachana taratibu. Fairlight CMI ya Australia, iliyotoka mwaka 1979, iliihamishia kazi hiyo kwenye kinanda cha kidijitali, kwa bei ambayo ni studio za matajiri tu zilizoimudu. Wanamuziki wa kawaida waliipata kwa Casio SK-1, kidude cha miaka ya 1980 kilichonasa sekunde 1.4 tu.

Sekunde 1.4 zinatosha "haleluya" moja ya haraka. Anayezidharau na akumbuke muziki wa mchiriku wa Dar es Salaam: kundi la Jagwa Music limejenga jina lake juu ya Casio ndogo za bei rahisi, ngoma na spika za tarumbeta.

Kwa nini lupu inapiga "tak" kila inaporudi mwanzo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu. Sauti ndani ya mashine ni mstari unaopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Ukikata mstari ukiwa juu, kisha mwanzo wa kipande ukawa uko chini, spika inalazimishwa kuruka ghafla, na mruko huo ndio unaosikika kama "tak". Dawa ya kwanza ni kusogeza alama zote mbili hadi pale mstari unapokata sifuri, tena ukielekea upande uleule: kama mwisho unapanda, mwanzo nao upande. Ni mshono wa kitenge. Maua yasipokutana, kila mtu anaona palipounganishwa.

Hiyo hutosha kwa lupu ya mdundo mzima. Kwa "aaa" ya mwimbaji mmoja inayotakiwa kushikiliwa mpaka kidole kiinuke, kuna zaidi. Mwanamke anayeimba noti ya hetsi 200 hutoa mizunguko 200 kila sekunde, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 5. Kipande kifupi kinachorudiwa lazima kibebe mizunguko kamili, vinginevyo noti itatoka nje ya ufunguo. Na kama sauti yake inatikisika, basi lupu ibebe mitikisiko kamili pia. Mtikiso wa mwimbaji huwa mara tano au sita kwa sekunde. Ukiukata katikati, sauti inaanza kulialia kama ya roboti.

Kwaya ni shughuli nyingine. Watu ishirini hawatikisiki pamoja, kwa hiyo hakuna mahali pamoja panapofaa kukatwa. Hapo lupu iwe ndefu, sekunde moja au mbili, na mashine iambiwe ichanganye mwisho na mwanzo, mmoja ukififia huku mwingine ukiinuka. Sampla nyingi za siku hizi, yaani mashine za kunasa na kurudia vipande vya sauti, zinaifanya kazi hiyo. Kwa zisizoweza, ifanywe kwenye simu au kompyuta kabla ya kuhamisha faili.

Na pumzi? Wengi huifuta. Safu hii ingeiacha walau moja, kwa sababu msikilizaji huitambua sauti ya mtu kwa pumzi yake kabla ya neno la kwanza.

Lupu itawezaje kwenda sawa na ngoma?

Kwa hesabu moja tu: gawanya 240 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, upate urefu wa mdundo wa mapigo manne kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 96 una mdundo wa sekunde 2.5. Wa mapigo 120, sekunde 2.

Kwa nyimbo za makasia, ni afadhali kuhesabu mipigo ya kasia kwanza na kuipa mashine mwendo huo. Ukiwalazimisha wavuvi wafuate 120 ya kiwandani, mvutano wa kikundi unapotea, na huo ndio uliokufanya uwarekodi. Jambo jingine: katika wimbo wa kuitana na kuitikiana, kata itikio. Kiongozi hubadilisha maneno na kuchelewa kwa makusudi. Akirudiwa mara thelathini anachosha. Itikio lilizaliwa likiwa lupu.

Nikipandisha au kushusha sauti, nini kinaharibika?

Katika sampla za kizamani, kimo na mwendo vimefungwa pamoja. Oktavu moja juu, kipande kinakuwa nusu ya urefu wake. Semitoni moja, mwendo unabadilika kwa takriban asilimia 6. Mafundi wa hip-hop waliokuwa na E-mu SP-1200 ya mwaka 1987, yenye kumbukumbu ya sekunde 10 kwa jumla na 2.5 kwa kipande, waliugeuza ufungo huo kuwa ujanja: waliicheza santuri kwa kasi, wakainasa ikiwa fupi, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Uchakavu wa sauti uliotokana na hapo ukawa mtindo.

Mashine mpya hutenganisha kimo na mwendo. Hata hivyo mwangwi wa kinywa na koo mara nyingi husogea pamoja na noti, ndiyo maana mzee akipandishwa sana anasikika kama katuni. Semitoni tatu juu au chini huvumilika. Zaidi ya hapo, ifanywe kwa kukusudia.

Kwa Masisi kuna tahadhari ambayo vitabu vya maelekezo ya mashine za Japani havina. Kihunde, Kitembo na Kinyarwanda ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa silabi hubeba maana. Ukihamisha kirai kizima juu au chini, umbo la toni linabaki na msemaji bado anaelewa. Ukikikata silabi kwa silabi na kuipa kila pedi (kitufe cha kupigia) noti yake, au ukiinyoosha sauti kwa kirekebisha noti, umbo linavunjika. Kwa kuwa wimbo wenyewe huwa umeshapinda toni kidogo, mhariri wa kuaminika ni mzee wa lugha mwenye spika za masikioni. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, ila silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo. Ukiikata hiyo, neno linapooza.

Mashine ipi inafaa pasipo na umeme wa uhakika?

Yenye betri. PO-33 ya Teenage Engineering ina maiki ndani, hushika sekunde 40 na hutumia betri mbili ndogo za AAA. Korg Volca Sample ya mwaka 2014 hubeba sekunde 65 kwa betri sita za AA. Roland SP-404MKII nayo hukubali betri sita za AA na ina nafasi kubwa kuliko hizo zote, lakini huzila haraka. Kanisa lenye Yamaha PSR-E463 halihitaji kununua kitu: kinanda hicho kinanasa sauti kupitia tundu la AUX, simu ikawa chanzo.

Si bora kompyuta?

Kwa wengi, ndiyo. Muziki wa singeli wa Sisso Studio ya Dar es Salaam, uliosikika duniani kupitia mkusanyo wa "Sounds of Sisso" mwaka 2017, ulitengenezwa kwa kompyuta, na kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika mdundo mmoja haufiki sekunde 1.2. Kanuni za kukata ni zilezile.

Sauti iliyokatwa ni ya nani?

Mwaka 1992 kundi la Deep Forest la Ufaransa lilitoa albamu iliyonadiwa kwa jina la Wambuti na wenzao wa misitu ya Afrika ya Kati. Wimbo wake maarufu kuliko yote, "Sweet Lullaby", ulibeba sauti ya Afunakwa, mama wa Visiwa vya Solomon, aliyerekodiwa na mtafiti Hugo Zemp. Zemp alilalamika kwa maandishi. Afunakwa alikuwa amekwisha kuzungushwa duniani bila jina.

Kongo ina sheria ya haki za watunzi na hakishiriki tangu tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la SOCODA tangu 2011. Kwenye mtumbwi wa wavuvi hakuna wakili, kwa hiyo makubaliano yarekodiwe palepale, mwanzoni mwa faili: majina, mahali, tarehe, malipo, na kama sauti inaruhusiwa kukatwa. Faili hiyo nzima ihifadhiwe kando, kabla kipande cha kwanza hakijaingia kwenye pedi.