Kupokea Simu ya Mtafuta Nyumba: Hatua Nane kwa Mwenye Nyumba

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Dar es Salaam anayepangisha bila dalali. Kazi ya simu ni moja: kupanga siku na saa ya mtu anayefaa kuja kuiona nyumba. Mapatano ya kodi na kusaini mkataba hufanywa ana kwa ana. Hatua ikiwa na uhakiki, ukamilishe kabla ya kuanza inayofuata.

Vifaa: daftari, kalamu mbili, simu yenye chaji na salio.

Istilahi: "mpigaji" ni mtu anayetafuta nyumba, "karatasi" ni ukurasa wa maelezo unaoandaliwa katika hatua ya 1.

1. Andika karatasi. Iwe na mistari saba: mahali, idadi ya vyumba, choo na jiko (vya ndani au vya kuchangia), kodi ya mwezi na miezi inayolipwa kwa mkupuo, umeme (mita ya LUKU ya peke yake au ya kuchangia), maji na namna bili inavyogawanywa, tarehe nyumba itakapokuwa wazi.
Uhakiki: kila mstari una jibu moja. Futa "takriban" na "tutaelewana".

2. Pokea simu ukiwa mahali tulivu, karatasi mkononi. Ukiwa kwenye daladala au sokoni, sema tu: "Nitakupigia leo saa 11 jioni." Kisha mpigie saa hiyo hiyo.

3. Salimu na ujitambulishe: "Habari za saa hizi. Mimi ndiye mwenye nyumba. Naongea na nani?" Akikuamkia, itikia "Marahaba" kwanza. Muulize kama anajitafutia mwenyewe au ni dalali. Kama ni dalali, mshukuru na umalize simu.
Uhakiki: jina na namba vimo daftarini, na umemtajia tena jina lake akalithibitisha.

4. Soma karatasi yote, mstari kwa mstari. Taja kodi kwa namna mbili: "Laki mbili kwa mwezi, unalipa miezi mitatu, jumla laki sita."
Uhakiki: mwombe mpigaji ataje jumla. Akikosea, soma mstari huo tena.

5. Uliza maswali matatu, yale yale kwa kila mpigaji: Mtaishi watu wangapi? Unataka kuhamia tarehe ngapi? Una gari au pikipiki ya kulaza hapa? Andika kila jibu kabla ya kuuliza linalofuata. Usiulize kabila wala dini, havilipi kodi.
Uhakiki: majibu matatu yamo daftarini. Kama jibu moja haliendani na nyumba, mwambie hapo hapo, umalize simu.

6. Panga miadi kwa siku, tarehe, saa na kipindi cha siku: "Jumamosi, tarehe 14, saa 10 jioni." Usiseme "saa 10" peke yake. Kama mpangaji wa sasa bado yumo, pata ridhaa yake kabla ya kutaja saa. Acha saa moja kati ya mpigaji mmoja na mwingine.

7. Kataa pesa kwa njia ya simu. Mpigaji akitaka kutuma "ya kushikia nyumba", jibu: "Njoo uione kwanza, malipo ni baada ya mkataba." Asipoipenda nyumba, utadaiwa kurudisha pesa pamoja na makato. Ukipokea za watu wawili, umezua ugomvi.

8. Tuma ujumbe ndani ya dakika 10 baada ya simu: "Miadi: Jumamosi tarehe 14, saa 10 jioni (16:00). Tabata, karibu na kituo cha daladala. Kodi 200,000 kwa mwezi, miezi 3 = 600,000. Jibu SAWA."
Uhakiki: asipojibu hadi saa mbili kabla ya miadi, mpigie mara moja. Asipopokea, futa miadi na umjulishe kwa ujumbe.

Nyumba ikishapata mpangaji aliyesaini, waarifu siku hiyo hiyo wapigaji wote waliobaki daftarini, kisha chora mstari juu ya kila jina.