KUHAKIKI NA KUCHOMA DVD YA LINUX



Tangu chumba chetu cha kompyuta kianze kutumia Linux, wadogo zetu wa vidato vya chini huniuliza kwa nini tulikaa jioni nzima tukisomeana tarakimu na herufi kwa sauti, kabla ya kuchoma hata diski moja. Nitawajibu hapa, ili wazazi nao wapate kujua.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, nchini Finland. Mifumo mingi ya kuendeshea kompyuta iliyojengwa juu yake hutolewa bure. Kompyuta zetu ni kuukuu na zilikuwa na Windows 7, ambayo tangu Januari 2020 watu wa kawaida hawapati tena marekebisho yake ya usalama. Ndiyo sababu mwalimu akachagua Linux Mint ya aina ya Xfce, iliyo nyepesi. Wala mambo haya si mageni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili.

Mfumo hupakuliwa ukiwa faili moja kubwa ambalo jina lake huishia na .iso, yaani taswira ya diski nzima. Letu lilikaribia GB 3. Lilipakuliwa mjini Nachingwea usiku, na umeme ukakatika katikati. Asubuhi ukubwa wake ulilingana sawasawa na ule ulioandikwa na watoaji. Je, hiyo yatosha? Haitoshi hata kidogo. Sisi watu wa Mbwemkuru twaijua mizani: gunia la korosho laweza kutimiza kilo zake, na ndani mna mchanga. Ukubwa wa faili ni kilo tu.

Hapana budi kufungua gunia. Kwa kazi hiyo iko hesabu iitwayo SHA-256. Kompyuta hulisoma faili lote tangu mwanzo hadi mwisho, kisha hutoa alama 64, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Ikibadilika biti moja tu kati ya mabilioni, alama zinazotoka huwa nyingine kabisa. Katika Windows twaandika:

certutil -hashfile mint.iso SHA256

na katika Linux:

sha256sum mint.iso

(Windows 7 huziandika alama mbili mbili na nafasi katikati. Usibabaike.) Jibu hulinganishwa na lililomo katika faili la watoaji liitwalo sha256sum.txt. Letu lilitofautiana tangu alama ya kwanza. Likapakuliwa upya, na safari ya pili zote 64 zikakubaliana. Bando la kwanza lilikwenda bure, lakini afadhali bando kuliko kompyuta. Kufunga mfumo mpya kwa namna tuliyochagua hufuta diski ya ndani. DVD mbovu ikikwama katikati, cha zamani kimekwenda na kipya hakijaja.

Lakini faili laweza kuharibiwa kwa makusudi pia. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakaelekeza viungo vya toleo 17.3 la Cinnamon kwenye faili lililotiwa mlango wa siri. Nawe fikiri: awezaye kubadili kiungo aweza kubadili na namba iliyo kando yake. Kwa hiyo watoaji hutia sahihi ya siri juu ya orodha ya namba, katika faili liitwalo sha256sum.txt.gpg, nayo hukaguliwa kwa programu ya gpg. Hapa ndipo wengi huchoka wakaacha, nami naona si haki kuacha. Namba ya zamani ya MD5 nayo isikutoshe. Mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake wa China walionyesha kwamba data mbili tofauti zaweza kuwa na namba moja.

Kuchoma si kazi kubwa. CD hubeba MB 700 tu, basi twatumia DVD ya GB 4.7. Usinakili faili la .iso kama unavyonakili wimbo. Lichome kama taswira. Windows 7 ina programu yake ya kazi hiyo, yenye kisanduku cha kuagiza diski ihakikiwe baada ya kuchomwa. Kitie alama. Chagua mwendo wa polepole. Ukifungua DVD ukaona faili moja tu la .iso, haitawasha kompyuta. Yapasa kuona mafolda mengi.

Kompyuta isiyo na tundu la DVD hutumia flashi, iliyoandaliwa kwa programu kama Rufus. Hiyo hufuta kila kilichomo katika flashi, basi hamisha nota zako kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne