Bundi anakula nini? Tusome madonge yake mbele ya kumwaga dawa ya panya

Somo la leo ni juu ya ndege ambaye wengi wetu hatupendi hata kusikia sauti yake usiku. Najua munavyosema: "Bundi akilia juu ya nyumba, kuna mtu atakufa." Mimi pia nililelewa na maneno hayo. Lakini munifuate polepole, sababu somo hili linagusa mahindi yenu yaliyo katika depo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafuatilia koperative moja yenye depo ya mabati kando ya kanisa. Bundi wawili, wale wenye uso mweupe, walikuwa wanalala ndani ya paa la kanisa. Panya walipozidi, komite ikaamua kununua dawa sokoni na kuimwaga kati ya magunia. Nilikuwepo, na sikukataa. Panya walikufa wengi, watu wakafurahi. Kisha siku chache tuliokota bundi mmoja chini ya ukuta, amekufa bila kidonda. Wa pili hatukumuona tena. Msimu uliofuata panya walirudi, na hapakuwa tena na wa kuwawinda usiku. Kosa lile lilinifundisha kuuliza kwanza: bundi huyu anakula nini hapa kwetu?

Donge ni nini?

Bundi hana meno. Mnyama mdogo, anammeza mzima. Nyama inayeyuka tumboni, lakini mifupa, manyoya na maganda ya wadudu hayayeyuki. Yanajikusanya pamoja, na bundi anayatoa kwa mdomo kama donge. Si mavi. La bundi mwenye uso mweupe linakuwa na unene wa kidole gumba ao zaidi. Likiwa jipya ni jeusi na linang'aa. Mutayakuta chini ya mahali anapolala: chini ya paa la kanisa, ndani ya nyumba iliyoachwa, chini ya mti mkubwa.

Kila donge ni kama ripoti: linaonyesha vitu bundi alivyokula usiku uliopita.

Mujini sahani moja, msituni sahani ingine

Bundi hachagui kama mtu anayeenda sokoni na orodha. Anakamata kile kinachopatikana kwa wingi mahali anapoishi, na ambacho mwili wake unaweza kukamata.

Bundi mwenye uso mweupe anapenda kuwinda mahali palipo wazi: mashamba, malisho, kandokando ya barabara. Katika mashamba ya mahindi na muhogo, chakula chake kikubwa ni panya wa shamba. Ni yule panya ambaye jike lake lina chuchu nyingi, zinaweza kufika 24, na linaweza kuzaa watoto 10 ao zaidi kwa mara moja. Mujini bundi huyu anaendelea kula panya, lakini mara nyingi anaongezea ndege wanaolala kwenye majumba, na hata popo.

Bundi wa msituni, yule wa rangi ya kahawia mwenye macho meusi, anaishi kati ya miti. Yeye anakula wadudu kwa wingi: panzi, vipepeo vya usiku, wadudu wenye maganda magumu. Panya, vyura na ndege wadogo anawakamata pia, lakini wadudu ndio wengi.

Mutasema: hao ni bundi wa aina mbili, si ajabu wakila tofauti. Ni kweli. Basi tuangalie Uingereza, ambako kuna bundi wa aina moja anayeishi msituni na mujini pia. Kuanzia mwaka 1947, mtaalamu H. N. Southern aliwafuata bundi hao kwa miaka mingi katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford. Kule chakula chao kikubwa kilikuwa panya wadogo wa msituni. Wakati panya walikuwa vigumu kukamata, bundi walishuka kutafuta wadudu na minyoo ya udongo. Lakini bundi wa aina ile ile waliochunguzwa katika bustani za London walikuwa wanakula sana sana ndege wadogo, kama shomoro. Ndege ni yule yule. Mahali ndipo pamebadilisha sahani yake.

Kwa hiyo musikubali mtu awaambie tu "bundi anakula panya," ao "bundi hana faida." Jibu liko chini ya paa lenu.

Zoezi la kufanya pamoja

1. Muokote madonge 10 mahali pamoja. Muvae sashe mikononi, sababu panya wanabeba magonjwa.
2. Muyaloweke saa moja katika maji yenye Javel kidogo, kisha muyafungue kwa kijiti.
3. Muhesabu vichwa. Kichwa cha panya kina meno mawili marefu mbele, kisha nafasi tupu mbele ya magego. Kichwa cha kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu mbaya, ni kidogo, meno yamefuatana na yana ncha kali. Kichwa cha ndege kina mdomo mgumu. Wadudu wanaacha vipande vya maganda.
4. Muandike hesabu katika daftari, na tarehe. Murudilie wakati wa mavuno.

Kama vichwa vya panya ndivyo vingi, muna mfanyakazi wa usiku asiyedai mshahara. Mukikuta virukanjia na wadudu tu, mujue bundi huyo hagusi sana panya wenu, na kazi ya depo inabaki kwenu wenyewe.

Juu ya dawa

Dawa nyingi za panya zinazuia damu kuganda. Panya hafi palepale. Anatembea siku kadhaa, amelegea, na ni rahisi kukamatwa. Bundi akila panya wengi wa namna hiyo, sumu inaingia mwilini mwake. Hivyo ndivyo tunaua mwindaji pamoja na mwizi. Paka naye anaweza kufa hivyo hivyo.

Sisemi kwamba bundi peke yake atamaliza panya. Panya wanazaa mbio kuliko yeye. Tuanze na kazi ya mikono: kufanya salongo ya kukata nyasi kuzunguka depo, kuziba matundu, kuweka magunia juu ya mbao mbali na ukuta, na kuinua ghala juu ya miguu ya mita 1 yenye kofia za bati. Mitego ifuate. Dawa iwe ya mwisho, ndani ya sanduku lililofungwa, na kila asubuhi muokote panya waliokufa na kuwazika.

Kwa mkutano ujao, muzungumze haya: Katika kijiji chetu bundi wanalala wapi? Nani aliua bundi mwaka huu, na kwa sababu gani? Kisha mulete daftari lenu la vichwa. Tutalisoma pamoja, wazee pia wakiwepo.