Baiskeli Imfuate Mtoto: Kufundisha Uendeshaji wa Baiskeli kwa Kundi katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Mwalimu apelekaye watoto barabarani hana budi kuutilia shaka msemo huo, maana ajali nyingi za baiskeli zina kinga, na kinga hiyo huanza kabla gurudumu halijazunguka. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu kuendesha baiskeli kwa kundi, na jinsi ya kuhakikisha kwamba kila mmoja wao anapanda baiskeli inayolingana na mwili wake.

Mifano yetu inatoka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu mahali hapo hapamsamehe mwalimu mzembe. Mji wa Moshi uko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la hifadhi ya mlima lililoko Marangu limepita mita 1,800. Kati ya viwango hivyo viwili ndipo vilipo vihamba vya migomba na kahawa, mifereji ya maji, shule nyingi na njia nyembamba zinazopanda na kushuka. Mtoto wa Kibosho, Uru au Old Moshi anapoanza kujifunza baiskeli, aghalabu hukutana na mteremko kabla hajaijua tambarare. Akipewa chombo kisichomfaa, mlima wenyewe humwadhibu.

Kosa tulilolifanya

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu. Mwaka mmoja tulikuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mteremkoni. Tuliwapanga wanafunzi wanane kwa safari fupi, wenye kasi wakatangulia na wasio na kasi wakafuata. Wa mwisho alikuwa msichana wa darasa la sita aliyekuja na baiskeli ya baba yake. Kundi lilipoanza kuchanganya miguu, yeye akaachwa. Alipokazana kulifikia, njia ikaanza kushuka, na vidole vyake havikuufikia vizuri mkono wa breki. Akaingia mferejini pamoja na baiskeli.

Alitoka na michubuko tu, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini jioni ile, katika daftari la tathmini, tuliandika kwamba mwanafunzi huyo "hana ujasiri wa kutosha". Siku iliyofuata tuliipima baiskeli, kisha tukampima yeye. Tuligundua kwamba pedali ilipofika chini mguu wake haukuifikia isipokuwa kwa kuteleza upande mmoja wa tandiko, na kwamba mkono wa breki ulikuwa umefungwa mbali kwa kiganja cha mtu mzima. Hakuwa mwoga. Alikuwa ameendesha kwa ujasiri mkubwa chombo kisichokuwa chake. Tuliifuta ile sentensi, lakini yeye alikwisha kusikia tulivyomhukumu, na zilipita wiki kadhaa kabla hajakubali kupanda tena.

Tangu siku ile tumeshika kanuni moja: kabla ya kumhukumu mtoto, pima chombo ulichompa.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa vipindi sita mwanafunzi aweze:
1. kupima mguu wake na kukadiria kimo cha tandiko kinachomfaa;
2. kukagua breki, matairi, mnyororo na usukani kabla ya safari;
3. kuendesha katika mstari mmoja, akitunza nafasi na kupokeza ishara;
4. kushuka mteremko mdogo kwa mwendo anaoutawala.

Vifaa vinavyohitajika ni utepe wa kupimia, uzi wenye jiwe dogo kwa ajili ya timazi, spana, pampu, chaki, sanduku la huduma ya kwanza, na kofia ngumu kwa kila mwendeshaji. Mwalimu apate idhini ya mwalimu mkuu na ya wazazi mapema.

Hatua ya kwanza: kupima mwili

Mwanafunzi asimame ukutani bila viatu, miguu ikiwa imeachana kidogo. Aweke kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, akivute juu taratibu mpaka kikaze, huku ukingo wake mmoja ukigusa ukuta. Mwenzake atie alama ya chaki mahali ukingo wa juu wa kitabu unapokutana na ukuta. Umbali kutoka sakafuni hadi kwenye alama ndio urefu wa mguu kwa ndani. Wavulana wapimane wenyewe na wasichana wapimane wenyewe, ili pasiwe na haya wala mzaha.

Kipimo kilicho rahisi zaidi ni cha kisigino. Mwanafunzi akae juu ya tandiko, baiskeli ikiwa imeshikwa na wenzake wawili, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, kimo kinafaa. Anapoendesha, ataikanyaga pedali kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, na hapo goti litabaki limekunjika kidogo. Tandiko likiwa chini mno, goti hukunjika kupita kiasi na huanza kuuma mbele. Likiwa juu mno, nyonga huyumba na mgongo huchoka.

Kwa mwendeshaji aliyekwisha kuzoea, iko njia ya hesabu. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walionyesha kwamba mwendeshaji hutumia nguvu zake vizuri zaidi pale umbali kutoka juu ya tandiko hadi kwenye pedali iliyo chini unapokuwa asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Kwa kawaida kipimo hiki huliinua tandiko kuliko kile cha kisigino. Hapa mwalimu wa Hisabati amepata somo la asilimia bila kulitafuta. Mwanafunzi ambaye mguu wake ni sentimita 65 atazidisha 65 kwa 1.09, apate sentimita 71 hivi.

Sasa tuitazame baiskeli kubwa ya watu wazima. Fremu ya inchi 22 ni sawa na sentimita 56 hivi, kutoka kwenye mhimili unaozungukiwa na mikono ya pedali hadi juu ya bomba la tandiko. Mkono wa pedali huongeza sentimita 17 hivi. Jumla ni 73, nasi bado hatujaliweka tandiko lenyewe. Wanafunzi wakiikokotoa hesabu hii ubaoni, watajionea wenyewe kwamba mtoto wetu wa sentimita 71 hawezi kutoshea hapo hata tandiko lishushwe namna gani. Ndiyo sababu watoto wengi hupitisha mguu chini ya chuma cha juu cha fremu na kuendesha wakiwa wamejipinda upande. Tusiwacheke, kwani wametatua tatizo kwa akili zao. Hata hivyo mtindo huo haufai mteremkoni, kwa kuwa mwili uliopinda hauwezi kushika breki zote mbili kwa uthabiti.

Hatua ya pili: kuilinganisha baiskeli

Mwalimu asimtume mzazi kununua baiskeli mpya. Baiskeli nyingi za mitumba zitokazo Japani zina fremu ya chini isiyo na chuma cha juu, na magurudumu ya inchi 24 au 26, na hizo huwafaa wanafunzi wetu kuliko zile za inchi 28. Pale ambapo baiskeli chache tu zinafaa, afadhali wanafunzi wapokezane hizo chache kuliko kila mmoja kupanda isiyomfaa.

Marekebisho yafuate utaratibu huu.

Kwanza, tandiko. Kwa anayeanza, lishushwe mpaka nyayo zake ziguse ardhi anaposimama. Wanachuo huuliza: je, hii haipingani na kipimo cha kisigino? Inapingana, na mwalimu hana budi kuelewa sababu. Anayeanza anahitaji kusimama salama kuliko kuokoa nguvu. Kadiri anavyozoea, tandiko lipandishwe sentimita moja au mbili kwa wakati mmoja, hata lifikie kipimo. Alama ya mwisho iliyochongwa kwenye nguzo ya tandiko isitokeze nje ya fremu, kwani nguzo yaweza kuvunjika au kuchomoka.

Pili, tandiko mbele na nyuma. Mikono ya pedali ikiwa imelala sawasawa, timazi ishushwe kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele. Uzi ukipita karibu na katikati ya pedali, mkao ni mzuri wa kuanzia.

Tatu, usukani. Mwanafunzi aufikie viwiko vikiwa vimekunjika kidogo. Mikono iliyonyooka kama fimbo hupeleka kila mtikisiko mabegani.

Nne, breki. Vidole vyake viufikie mkono wa breki bila kiganja kuachia usukani, na awe na nguvu ya kuubana mpaka gurudumu lisimame. Kila mwanafunzi atambue ni mkono upi unaoshika gurudumu la mbele, maana baiskeli hazifanani. Asiyetimiza sharti hili la nne asiondoke uwanjani, hata kama yale matatu ameyatimiza.

Hatua ya tatu: uwanjani

Vipindi viwili vitumike katika uwanja wa shule. Wanafunzi waanze kwa kusukuma baiskeli kwa miguu bila kutumia pedali, kisha waendeshe katika mstari wa chaki, kisha wasimame penye alama iliyowekwa. Zoezi zuri ni "mashindano ya mwisho": anayefika wa mwisho bila kugusa ardhi ndiye mshindi. Zoezi hili hufundisha mizani, na tena humpa heshima yule asiye na kasi.

Hatua ya nne: kundi

Kundi lisizidi wanafunzi wanane, nalo liwe na walimu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Waende upande wa kushoto wa barabara, mstari mmoja. Baina ya baiskeli na baiskeli pawe na nafasi ya baiskeli tatu kwenye tambarare.

Mwanafunzi mwenye mwendo mdogo awekwe mara tu baada ya mwalimu wa mbele, naye ndiye awe kipimo cha mwendo wa wote. Akiwekwa nyuma, kama tulivyofanya sisi, atachoka kwa kukimbiza, na mtu aliyechoka hakumbuki kanuni. Akiwekwa mbele, wenye nguvu hujifunza subira.

Ishara za mkono zifundishwe uwanjani, lakini barabarani anayeanza abaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili na kutumia sauti. Habari ya shimo, mfereji au kusimama hutoka mbele na kupokezwa nyuma: "Shimo!" "Tunasimama!" Habari ya gari hutoka nyuma na kupokezwa mbele: "Gari nyuma!" Kila mmoja aitamke, asidhani mwenzake amesikia.

Safari ya kwanza iwe kwenye tambarare. Kusini ya mji, kuelekea Arusha Chini, nchi imelala. Barabara kuu ya lami, penye malori, mabasi na bodaboda, haifai wanaoanza. Mwalimu aipite njia yote kwanza peke yake, aandike mahali pa hatari.

Hatua ya tano: mteremko

Watu wengi hudhani kwamba kupanda ndiko kugumu. Kupanda huchosha, lakini anayechoka hushuka akasukuma baiskeli, na wala si aibu. Hatari iko katika kushuka. Mwalimu wa Sayansi aeleze hivi: mwendo ukiongezeka mara mbili, kwa breki zilezile, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Anayehitaji mita 3 kusimama atahitaji mita 12. Kwenye mteremko huhitaji zaidi, na vyuma vikilowa huhitaji zaidi tena.

Kwa hiyo wanafunzi wafundishwe kupunguza mwendo kabla ya kona wala si ndani ya kona. Kubana breki zote mbili kidogo kidogo, bila kuikaba ya mbele ghafla. Kukaa nyuma juu ya tandiko. Na kuachiana nafasi ya hatua ishirini. Waanze na mteremko mfupi unaoishia mahali pa wazi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa vijiji vya juu huteleza, na hapo kipindi kifanyike darasani au ukumbini kwa kukagua na kutengeneza baiskeli.

Tathmini

Mwalimu asihesabu ni nani aliyewahi kufika. Atazame mambo matatu: je, mwanafunzi aliikagua baiskeli yake bila kukumbushwa? Je, alitunza nafasi? Je, kundi lilifika likiwa zima? Mwanafunzi akishindwa, swali la kwanza liwe juu ya chombo, la pili juu ya mafundisho yetu, na la mwisho juu yake mwenyewe.

Hitimisho

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, walimu walihimizwa kuliunganisha darasa na maisha ya kijiji. Somo hili laweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo, na kanuni yake haiishii kwenye baiskeli. Dawati lililo refu mno, kitabu kilicho kigumu mno na swali lililoulizwa kwa haraka mno ni baiskeli za baba walizopewa watoto. Msichana yule wa darasa la sita alipopata baiskeli yenye fremu ya chini, alishuka mteremko uleule kwa utulivu, wa kwanza baada ya mwalimu, na kundi zima likafuata mwendo wake.

Maswali ya kujadili

1. Mguu wa mwanafunzi kwa ndani ni sentimita 60. Kokotoa kimo cha tandiko kwa njia ya asilimia 109, kisha ueleze kwa nini hutakitumia siku ya kwanza.
2. Shule yako ina baiskeli tatu zinazofaa na wanafunzi ishirini na wanne. Panga vipindi sita ili kila mmoja apate zamu.
3. Toa mfano wa mwanafunzi uliyemwona "mzito" katika somo jingine. Chombo alichopewa kilimfaa?