Moyo Unaokwenda Mbio, Tumbo Lisilotulia

Mtu akisema moyo unamwenda mbio, jirani humwambia ana presha. Akilalamikia tumbo kwa miezi, huambiwa ni vidonda. Wote wawili wasipopata nafuu huishia kuambiwa: "Ni mawazo tu." Neno hilo limechelewesha wagonjwa wengi mno.

Anza na moyo. Mtu mzima aliyetulia, mapigo yake ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Yakirukaruka bila mpangilio, nenda ukafanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Hofu nayo huukimbiza moyo, lakini asiyepimwa hawezi kujua.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi hapa ni ule wa vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ikituama humo huganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Shinikizo la damu lisilotibiwa ni chanzo kimojawapo. Vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni ni kingine.

Mgonjwa huyu mara nyingi hupewa dawa za aina mbili. Bisoprololi au digoksini hupunguza kasi ya mapigo. Warfarini huzuia damu kuganda, na ndiyo watu huiacha wakiona moyo umetulia. Wasiiache bila daktari, maana hatari ya kiharusi bado ipo. Anayeitumia apimwe damu mara kwa mara. Mchicha na kisamvu hakatazwi, ila ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwani mboga hizo zikizidi ghafla hupunguza nguvu ya dawa. Asinunue diklofenaki wala aspirini dukani kwa uamuzi wake; huongeza hatari ya kuvuja damu. Mwenye pumu aseme kabla ya kuandikiwa bisoprololi, na anayetumia warfarini akihisi ana mimba amwone daktari siku hiyohiyo.

Sasa tumbo. Vidonda halisi vya tumbo vingi huletwa na bakteria waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982, au na dawa za maumivu. Hivyo vina vipimo na dawa zake. Lakini yupo ambaye vipimo vyote ni safi na bado tumbo linajaa, linakata, linaharisha kila msukosuko wa kodi au wa ndoa unapozuka. Maumivu yake ni ya kweli: ubongo na utumbo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu, na wasiwasi wa muda mrefu huufanya utumbo usikie maumivu hata kwa gesi kidogo. Huyu anahitaji tiba ya mazungumzo. Kwa vikao vya wiki kadhaa, mtaalamu humsaidia kuona nini hutangulia maumivu, kupumua taratibu, na kurudia vyakula na safari alizoziacha kwa hofu. Hakuna kukemewa wala kuitwa mwendawazimu. Ulizia idara ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa.

Kinyesi cheusi, kutapika damu, kukonda bila sababu, kuzimia, maumivu ya kifua, mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla: usisubiri kikao wala kidonge. Mpeleke mgonjwa hospitali sasa hivi, na dawa zake zote mkononi.