Ukienda Kumsalimu Mzee, Tazama na Mahali Anapolala

Somo la vikundi vya Thika na Ruiru

Hebu tuanze na safari yetu wenyewe. Kikundi chetu kilienda kutembelea nyumba moja ya wazee. Tulibeba unga, sukari, sabuni na blanketi. Tuliimba, tukapiga picha, tukanywa chai. Tuliona rangi mpya ukutani, maua mlangoni na wazee wamevaa sweta safi. Tulipokuwa tukiaga, shosho mmoja alimshika mkono mama mmoja wa kikundi, akamwambia polepole, "Siku nyingine msituambie mnakuja."

Baada ya majuma mawili tulirudi bila kupiga simu, jioni giza likiingia. Njia ya kwenda chooni haikuwa na taa. Yule shosho alikuwa ameanguka hapo siku tatu nyuma, na mkono wake ulikuwa umevimba. Hakuna aliyempeleka hospitali. Mfanyakazi wa usiku alikuwa mmoja kwa wazee kumi na tisa, naye alikuwa kazini tangu asubuhi. Tulimpeleka shosho usiku huo huo. Kumbe mkono ulikuwa umevunjika.

Tuliona aibu. Mara ya kwanza tulikaa pale saa tatu nzima na hatukuuliza swali hata moja. Ndiyo sababu tumeandika somo hili.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Ruiru ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa. Leo ni ploti na nyumba za kupanga, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini humo. Wengi wetu tunatoka alfajiri kwenda Nairobi au kwenye viwanda vya Thika, tunarudi usiku. Mzee wa kulishwa na kugeuzwa kitandani atabaki na nani? Wengine hawana mtoto wala shamba. Basi kumpeleka mzee katika nyumba ya wazee si laana. Ubaya ni kumpeleka halafu tusahau.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Mzee kwa Katiba ni mtu aliyefikisha miaka 60. Hata Umoja wa Mataifa, katika kanuni zake za wazee za mwaka 1991, ulisema haki za mzee haziishi anapoingia katika nyumba ya matunzo.

Lakini karatasi haishiki taa usiku. Mnamo Novemba 2023 BBC ilitangaza picha zilizochukuliwa kwa siri ndani ya nyumba moja ya wazee katika kaunti yetu ya Kiambu. Wazee walionekana wakipigwa na kupuuzwa. Nyumba hiyo ilikuwa na uhusiano na kanisa. Tusidanganyane, basi: jina zuri langoni halitoshi.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

1. Sakafu, taa na choo. Wazee wengi huumia kwa kuanguka, na mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena. Je, taa ya njia ya choo inawaka usiku kucha? Kuna vyuma vya kushikilia kando ya choo na bafu? Sakafu inateleza ikimwagika maji ya sabuni? Choo cha shimo bila kiti ni taabu kwa magoti ya mzee. Vyuma viwili na balbu moja havimalizi pesa za mtu.

2. Kitanda na ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, usiku pia. Asipogeuzwa hupata vidonda kwenye matako, nyonga na visigino, na vidonda hivyo vinaweza kumwua. Dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hivyo pima pia kama mahali pale pana joto au pamekuwa pagumu. Halafu vuta pumzi. Chumba kinachonuka mkojo mchana kutwa kinakuambia shuka hazibadilishwi.

3. Jiko na maji. Uliza chakula cha jioni huliwa saa ngapi. Mzee akila saa kumi na moja jioni, kisha apate chai saa mbili asubuhi, amekaa saa kumi na tano bila kitu tumboni. Kwa mwenye kisukari hiyo ni hatari. Tazama kama asiye na meno anapondewa chakula chake au anawekewa githeri ngumu kisha anaambiwa amekataa kula. Tena mzee hasikii kiu kama kijana. Anaweza kukaukiwa maji hadi aanze kusema maneno yasiyoeleweka, watu wakadhani ni uzee tu. Kikombe kiwe karibu na mkono wake. Wapishi nao wawe na cheti cha kupimwa afya.

4. Dawa. Kila mzee awe na dawa zake zenye jina lake, ndani ya kabati linalofungwa, na daftari linaloonyesha nani alimpa, saa ngapi. Dawa za presha za watu watano zikiwekwa katika mkebe mmoja, hapo ondoka na mzee wako. Uliza pia: mtu akizidiwa usiku, gari ni la nani? Kuwa karibu na Hospitali ya Thika Level 5 hakusaidii kama hakuna wa kuita gari.

5. Moto na milango. Baridi ya Julai ikija, watu huingiza jiko la makaa chumbani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na wengi wamelala wasiamke. Afadhali blanketi la pili. Tazama milango: inafunguka kwa urahisi kutoka ndani? Madirisha yana vyuma? Kama kufuli hufungwa usiku, ufunguo unakaa wapi? Wafanyakazi waeleze watawatoaje wasiotembea.

6. Heshima na pesa. Mzee asifungwe kitandani wala asifungiwe chumbani ati kwa sababu anasumbua. Asiogeshwe mbele ya watu. Aitwe kwa jina lake, au shosho, au guka, si "yule wa kitanda cha nne." Kuna pia mambo ya pesa. Tangu 2018 Serikali imekuwa ikiwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika mpango wa Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi. Nani anashika kitambulisho cha mzee? Nani anachukua pesa hizo, na zimeandikwa wapi?

TUSIWASAHAU WAFANYAKAZI

Tulipomhukumu yule msichana wa zamu ya usiku, mama mmoja alituuliza, "Wewe ungeweza wazee kumi na tisa peke yako?" Tulinyamaza. Mfanyakazi asiyefundishwa, asiyelipwa kwa wakati na asiyelala hukosa subira. Kwa hivyo ukiuliza habari za wazee, uliza pia wafanyakazi ni wangapi mchana, wangapi usiku, na ni nani aliyewafundisha.

TUKIONA KASORO TUFANYE NINI?

Kwanza, ongea na mzee mkiwa peke yenu, mfanyakazi asiwe karibu. Pili, zungumza na msimamizi kwa upole na uandike tarehe na jambo lenyewe. Kasoro nyingi, kama taa, huisha hapo. Tatu, jambo lisiporekebishwa, nenda kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti yako ndogo, na kwa mambo ya choo, maji na jikoni, kwa afisa wa afya ya umma. Nne, ukiona mzee amepigwa, ameachwa na njaa au ameibiwa, usingoje mkutano wa kikundi. Mpeleke hospitali na uende polisi siku hiyo.

Yule shosho alipona, ingawa mkono haukunyooka. Kikundi chetu kilinunua balbu na vyuma, msimamizi akaajiri mtu wa pili wa usiku. Sasa tunakwenda wawili wawili, siku tofauti, bila kuimba kwanza. Unga bado tunabeba, lakini na daftari pia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni wazee gani wa kijiji au mtaa wetu wanaoishi katika nyumba ya wazee? Mara ya mwisho tuliwaona lini?

2. Kati ya mambo sita, ni lipi tunaloweza kulirekebisha kwa mikono yetu mwezi huu?

3. Je, mzee aliye nyumbani kwetu ana taa ya kwenda chooni usiku?