Uraibu wa Dawa za Kulevya: Kwa Wazazi na Jamaa wa Nairobi

Apitaye alfajiri katika vichochoro vya River Road huwaona watoto wa kiume walioibana chupa ya plastiki midomoni, ndani yake gundi ya mafundi viatu, wakivuta mvuke wake ili wasihisi njaa wala baridi. Naye aghalabu huwapita akidhani kwamba balaa hiyo ni ya wasio na kwao. Ilhali Kawangware, Kangemi na Dagoretti, katika nyumba zenye baba na mama na sala ya jioni, chang'aa, bangi, tembe za usingizi na heroini zimekwisha kuingia.

Uraibu ni maradhi ya ubongo. Dawa huuchochea ubongo kuleta raha kupita kadiri ya maumbile, na kwa kurudiwarudiwa kiasi kilichotosha jana leo hakitoshi, hata mtu afikie kuitumia si kwa kutafuta raha bali kwa kuikimbia arosto: viungo kuuma, kutapika, kuhara, na usiku kucha bila lepe la usingizi. Ndiyo sababu kijana huuza sufuria ya mama yake ilhali anampenda.

Wengi, kwa aibu na fadhaa, humfungia mraibu chumbani ili aache. Tahadharini sana! Mlevi wa miaka mingi akikatizwa pombe ghafula aweza kushikwa na degedege na kufa, basi na aachishwe mikononi mwa tabibu. Na aliyekuwa akitumia heroini, akikaa majuma kadhaa bila kuigusa, kifungoni au nyumbani, mwili wake husahau kuistahimili, na kipimo alichokizoea zamani humuua. Mkimkuta haamki, pumzi zake za taratibu mno na midomo imegeuka samawati, mlazeni ubavu, mmpeleke hospitali upesi, wala asiachwe peke yake hata dakika moja.

Tiba ipo. Mnamo Desemba 2014 hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya kushika mahali pa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika kituo cha afya cha Ngara, karibu kabisa na katikati ya jiji. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Arosto humtoka, naye akarudi kazini na kwa wanawe. Wako wasemao kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hawasemi kweli, kwani dawa ipimwayo na tabibu, isiyodungwa kwa sindano ya kushirikiana ienezayo virusi vya UKIMWI na homa ya ini, haiwi sawa na unga wa kichochoroni.

Pigeni simu 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, mwulize mahali pa kuanzia. Na siku ya kwanza ya kwenda kliniki, mmoja wenu afuatane na mgonjwa hadi mlangoni.